Kitafunio Kisiizidi Chai Sauti

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mazoea ya kusahihisha hayajanitoka. Leo nasahihisha meza ya chai, nikianza na yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mwanachuo wangu wa zamani alirudi kutoka India, akaniletea pakiti ya chai ya Darjeeling, ya mchumo wa kwanza wa mwaka. Nikaagiza ipikwe kama tulivyozoea: maziwa, tangawizi, iliki na sukari ya kutosha, na sahani ya sambusa za pilipili kando. Akanywa kwa adabu, kisha akasema, “Samahani Mwalimu, kwa mapishi haya hata majani ya dukani yangetosha.”

Alisema kweli. Michai ya Darjeeling, yenye asili ya China, ilianza kupandwa huko kwenye miteremko ya Himalaya mwaka 1841. Katika baridi ile machipukizi hukua polepole, na chai yake hunukia maua. Geranioli, mojawapo ya vitu viletavyo harufu hiyo, imo pia katika waridi. Ukiimimina, ni ya rangi ya dhahabu. Wapo watakaoitazama na kuiita maji ya kusuuzia birika. Hao hupima chai kwa weusi wake, kama mzazi apimaye mwalimu kwa unene wa fimbo yake.

Wapo na wengine waliopotea: wasemao kuwa chai hii ni ya Wazungu, sharti iliwe na keki na mkate wa tango. Sikubali. Kanuni ni moja tu: kitafunio kisiizidi chai sauti. Pilipili huchoma ulimi, iliki hufunika harufu, na keki tamu mno huifanya chai ionekane chungu. Lakini kiazi kitamu cha kuchemsha kina utamu mpole, nacho kimejaa sokoni. Muhogo mpya wenye chumvi kidogo, au mkate uliopakwa siagi, navyo vyafaa. Acha maji yaliyochemka yatulie kidogo, yamimine juu ya majani, ngoja dakika tatu, chuja. Usitie kitu.

Mtasema nagombania jambo dogo. Wenzangu wa rika langu wanameza dawa za kisukari, na bado kikombe kisicho na sukari wanakiona cha ufukara. Tena, asiyezoea kutambua kilicho cha taratibu hukosea hata kwa watu. Nilipokuwa kazini niliwasifu wanachuo wenye sauti kubwa, na wapole nikawaandikia “wa wastani”. Aliyeniletea pakiti ile alikuwa mmoja wa hao wapole.

Siku hizi akija kunijulia hali, nachemsha viazi vitamu, na iliki naiacha kabatini.