Ukuta wa saloni

Mmoja wenu alituuliza: ukuta mtupu tuufanyie nini? Swali hilo lilitugusa. Tuliporudi toka ng'ambo ya ziwa, tulikuta nyumba imesimama lakini foto zote zimekwenda, hata ile moja tu ya mama mkwe, marehemu. Misumari ndiyo ilibaki. Baba wa watoto alitaka kutundika kalandrie ya mgombea fulani. Tukakataa, huyo si jamaa yetu.

Tulilainisha ukuta kwa udongo uliochekechwa na mavi ya ng'ombe, tukangoja ukauke kabisa (haraka huleta nyufa). Udongo mweupe tuliukoroga na uji mwepesi wa muhogo ili usishike nguo. Nyeusi ni makala yaliyosagwa. Watoto walichora mitumbwi, nyavu, na bibi yao akianika samaki. Pua si yake, lakini namna ya kuinama ni yeye kabisa.

Kule Bukama, Katanga, Albert Lubaki alikuwa akichora kuta za nyumba. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, alimpa karatasi na rangi, na mke wake Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 michoro ilionyeshwa Brussels. Karatasi zao zingalipo.

Basi tulimwambia binti yetu achore bibi mara ya pili, kwenye ukurasa wa daftari. Tumeuweka ndani ya mfuko wa vyeti, ule tunaoushika kwanza tukisikia risasi.