Hesabu Nyumbani: Makumi Yaliyofichika

Jioni moja hapa Buyenzi mwanangu alijumlisha 34 na 38, akapata 612. Nusura nimkaripie. Nilipomwuliza njia, alieleza: nne na nane ni 12, tatu na tatu ni 6, akaziandika bega kwa bega. Kujumlisha alikujua, makumi ndiyo asiyoyaona. Kiswahili chetu husema "thelathini", neno lililoimeza tatu yake. Kirundi hutamka wazi "mirongo itatu", makumi matatu. Basi nikamhesabisha kwa Kirundi, tukifunga vijiti kumi kumi kwa uzi. Vile vijiti 12 vilitoa fungu jipya, vikabaki viwili. Akafuta mwenyewe, akaandika 72. Baba utokaye lindoni, hata njiti za kiberiti zilizokwisha washwa zatosha.