Biskuti za Sikukuu Hazisubiri Oveni

Krismasi au Idd inapokaribia, rafu za maduka hujaa makopo ya biskuti za siagi kutoka ng'ambo, na nyumba nyingi huyanunua kwa kuamini kwamba biskuti na brauni, ile keki bapa ya chokoleti ya Wamarekani, ni mapishi ya wenye oveni. Imani hiyo haina msingi, na mapishi ya pwani yetu yanaisuta. Vileja vya Zanzibar, vya unga wa mchele, samli, sukari na hiliki, vimeokwa kwa makaa tangu zamani. Mkate wa kumimina nao hupaliwa moto juu hadi leo. Waliotuachia ujuzi huo walijua kuwa moto wa chini huivisha na wa juu huleta rangi, na kwamba wa chini ukizidi, kitako huungua kati kukiwa bado kubichi.

Brauni ndiyo inayoifaa sufuria kuliko zote. Keki ya kawaida hutegemea mapovu ya hewa, ukiifunua mapema hunywea. Brauni haihitaji kuumuka sana, na utamu wake umo katika ule unyevu unaobaki kati, kwa hiyo moto usiotulia hauiharibu upesi. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito, weka juu yake chombo chenye mchanganyiko, funika, kisha palia makaa machache juu ya kifuniko. Biskuti za siagi ni kaidi zaidi. Siagi huyeyuka ikazitandaza kabla unga haujashika, hivyo donge lipoe kwanza, na uoke chache kwa kila mkupuo.

Wapo watakaosema makaa yanamaliza misitu, na ni kweli. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu wake kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Basi sufuria ile ile ya mchanga ikae juu ya jiko la gesi, moto uwe mdogo. Uso wa brauni utapauka kidogo, lakini itaiva. Wengine watataja bei. Siagi na chokoleti ni ghali, ila brauni hukubali mafuta ya kula na unga wa kakao, na kakao tunailima wenyewe Kyela, ingawa sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa mbegu. Inauma kwamba nchi inayoilima huionja kwa nadra.

Pingamizi zito ni la kazi. Sikukuu humweka mama jikoni tangu alfajiri kwa pilau, kuku na vyombo, na kumwongezea biskuti ni kumwonea. Nakubali, iwapo ataachiwa peke yake. Lakini biskuti si kama pilau. Huokwa siku kadhaa kabla, zikakaa salama katika kopo lenye kifuniko kinachobana, na kazi yake hugawika: mmoja apime, mwingine achekeche unga, watoto wafinyange, baba alinde moto. Wakati wa Krismasi shule zimefungwa, na mtoto anayepima nusu kikombe na robo kikombe anazishika kwa mikono zile sehemu zinazomtatiza darasani. Akina baba, mwaka huu koleo la makaa lishikeni ninyi. Unga uko dukani, na sufuria mnayo.