Nimefika Barafu mara kumi na moja, kileleni sijafika

Huku baridi imeanza kuuma na boksi linabebwa kama kawaida. Samahani kwa kupotea hapa kijiweni, zamu za usiku zimenibana. Leo nina jambo la kusema, na kuna mtu wa familia litamgusa. Namwomba asikasirike, asome mpaka mwisho.

Hapa kazini kuna dada mmoja Mwingereza anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro ili achangishe pesa za hospitali. Amebandika karatasi ukutani, kila mtu anaandika atakachotoa, nami nimeandika pauni 10. Siku hiyo hiyo akaniuliza swali ambalo kila Mtanzania wa ughaibuni analijua: "Wewe si umetoka kule, umeshaupanda?"

Nikamjibu, mara kumi na moja. Akaanza kupiga makofi! Nikamwambia subiri kwanza, kileleni sijawahi kufika.

Mnaonijua mnakumbuka. Kabla sijaondoka nilifanya kazi ya mgumu kwa misimu miwili. (Kwa wasomaji wa Pwani: mlimani mpagazi huitwa mgumu, na jina linajieleza.) Tulikuwa tukipita njia ya Machame. Asubuhi wageni wakishakunywa chai wanaanza kutembea pole pole. Sisi tunabaki kukunja mahema, kufunga vyombo, mtungi wa gesi, meza, viti, hata choo cha kubebeka. Halafu tunawapita njiani, mzigo kichwani au shingoni, ili wakifika kambi inayofuata wakute hema limesimama na maji ya moto yako tayari. Shira, Barranco, Karanga, mpaka Barafu, zaidi ya mita 4,600. Hapo ndipo wengi wetu tulipoishia. Usiku wa manane wageni wanaondoka na waongozaji kuelekea Uhuru, mita 5,895. Sisi tunalinda mahema na kutetemeka.

Watu hudhani mtoto wa Kilimanjaro hasikii baridi. Uongo mtupu! Mtu aliyezaliwa Kibosho au Marangu amezoea migombani, hajazoea Barafu. Kichwa kinamgonga na anatapika kama mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni akitapika anateremshwa, mgumu akitapika anaulizwa kama kesho ataweza kubeba. Msimu wa kwanza nilipanda na viatu vya mtumba vilivyonibana na koti la kuazima. Usiku mmoja tulilala watu tisa kwenye hema la kulia chakula, ambalo halina hata sakafu. Mwenzangu mmoja hakuhisi vidole vya miguu mpaka tuliposhuka geti la Mweka. Jina lake silitaji, nadhani anasoma hapa.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Hapa ghalani kuna bango ukutani kuhusu kuinua mizigo. Mwongozo wa usalama kazini wa Uingereza unataja kilo 25 kwa mwanaume, tena mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Tumepewa mafunzo, na mkokoteni upo. Mlimani nako kanuni ipo: mgumu asibebee wageni zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa getini. Kanuni nzuri sana. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: mzani ukishapita, kwenye kona ya kwanza mzigo unaongezwa. Au wameandikwa wapagazi 14, ukihesabu migongo unapata 11. Mnajua habari ya wafanyakazi hewa? Hata mlimani walikuwepo. Ujira wa wale watatu unaingia mfukoni mwa mtu, mizigo yao inatuangukia sisi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Jibu ni bei. Ada za hifadhi ni za lazima, hakuna anayepunguziwa. Mgeni lazima ale vizuri, la sivyo atalalamika. Kwa hiyo kampuni ikitangaza safari kwa bei ya kutupa, kilichobaki cha kukata ni ujira wa mgumu, chakula chake na mahali pake pa kulala. Yeye hatalalamika, maana nje ya geti kuna vijana kibao wanasubiri nafasi yake.

Wiki mbili zilizopita kaka yangu mmoja (anajijua) alinipigia simu. Amefungua kampuni ndogo Moshi, anataka nimuunganishe na huyu dada na wenzake watano. Bei aliyonitajia ni karibu nusu ya wanazotoza wengine. Nikamuuliza, "Kaka, na wagumu utawalipa nini?" Akacheka. "Hao wataishi kwa bakshishi. Wewe mwenyewe si uliishi?"

Kaka, nakuheshimu, lakini niliishi kwa sababu mama alikuwa anauza ndizi sokoni. Bakshishi yenyewe mgeni alikuwa anaikabidhi kwenye bahasha kwa kiongozi wa msafara, ikitufikia sisi imeshakonda. Safari moja ya siku saba nilirudi nyumbani na pesa isiyotosha kununua viatu vipya, na ngozi ya utosini imechubuka. Nikikuletea wageni kwa bei hiyo, nitakuwa nimemuuza kijana wa mtu.

Najua mtaniambia kazi ni kazi, vijana hawana pa kwenda, na bei ikipanda wageni watakwenda kwingine. Waende wapi? Kilimanjaro ni mmoja. Mtu aliyelipa nauli ya ndege kutoka London hakimbii kwa sababu mgumu amelala kwenye hema lenye sakafu. Mara nyingi hajui tu, na sisi tunaojua tumenyamaza.

Huko Nepal wameshatoa somo. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka Everest ikaua wafanyakazi 16 wa mlimani, wote Wanepali, waliokuwa wakiwaandalia wageni njia na mizigo. Wenzao wengi wakakataa kupanda, na safari nyingi za msimu ule zikavunjika. Wageni walikuwepo, pesa zao walikuwa nazo, lakini mlima haukupandika. Hata kwetu ni hivyo tangu mwanzo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, kulikuwa na mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyebaki kambi ya juu wao wakipanda. Wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina hilo shuleni? Mimi sikuwahi, na siku zile nilikuwa nafanya kazi yake!

Basi nilimwambia dada wa watu aulize kampuni yoyote maswali matatu kabla hajalipa. Mgumu analipwa kiasi gani kwa siku, bila kuhesabu bakshishi? Anakula mara ngapi na analala wapi? Bakshishi inagawiwa vipi, mbele ya wote au kwenye bahasha ya mtu mmoja? Pia nikamwonyesha mradi wa KPAP ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima wapagazi nguo za baridi bure pale Moshi na hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea. Akapata kampuni iliyomjibu yote kwa maandishi. Imembidi aongeze pesa yake mwenyewe na kusogeza safari hadi Januari. Hakulalamika.

Aliyelalamika ni kaka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na shangazi ameniambia nimeota mapembe ya Ulaya. Huenda. Lakini hapa naitwa mbeba boksi na mtu akiniongezea kilo moja isiyo halali nina pa kwenda kushtaki. Sioni kwa nini kijana wa Machame asiwe na haki hiyo hiyo kwenye mlima wake.

Kaka, siku utakaponiandikia kwamba unawalipa kiwango kinachoeleweka, wanakula vizuri na wanalala pakavu, nitakuletea ghala zima, tena mimi mwenyewe nitakuwa mgeni wako wa kwanza. Nataka nami nipige picha pale juu.

Nyie wengine mwaonaje? Waliowahi kubeba, semeni. Msalimieni mama, mwambieni pesa ya dawa nitatuma Ijumaa.

Wasalaam.