Mtambo Umehifadhiwa, na Mchanga Je?

Katika Rasi ya Keweenaw, kaskazini mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, hupatikana shaba asilia, yaani metali tupu iliyojaa katika nyufa na matundu ya miamba ya volkeno yenye umri wa takriban miaka milioni 1,100. Wenyeji wa asili waliichimba kwa maelfu ya miaka kabla ya makampuni kuingia katika miaka ya 1840. Leo migodi imenyamaza, na mahali pake pamesimama makumbusho madogo madogo, mengi yakiendeshwa na vyama vya wenyeji kwa kushirikiana na hifadhi ya kihistoria ya taifa iliyoundwa mwaka 1992.

Makumbusho hayo yanastahili sifa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, yanazipendelea mno mashine.

Fahari ya eneo ni mtambo wa mvuke wa mgodi wa Quincy, mkubwa kuliko mitambo yote ya mvuke ya kuvutia mawe migodini iliyopata kujengwa. Ngoma yake ina kipenyo cha mita 9 hivi, na shimo ulilolihudumia lilifikia karibu kilomita 2.8 kwa kuufuata mteremko wa mwamba. Mgeni huustaajabia, na ana haki. Lakini mtambo huo ulianza kazi mwaka 1920 na kusimama mwaka 1931. Shaba iliyotoka kina kirefu namna ile haikuweza kushindana na ile ya machimbo ya wazi ya nchi nyingine, Katanga ikiwamo, hasa bei ilipoanguka.

Kilichodumu ni mchanga. Mwamba ulipondwapondwa vinuni, ukaoshwa kwa maji ili shaba itengwe, na mabaki yakamwagwa majini. Ziwa Torch pekee lilipokea tani zipatazo milioni 200. Baadaye, maarifa yalipoongezeka, makampuni yaliuchota tena mchanga ule ule ili kutoa shaba iliyokuwa imepotea. Chombo kimoja cha kuchotea kilizama hapo mwaka 1967. Katika kijiji cha Gay, zaidi ya tani milioni 20 zilimwagwa ufukweni mwa Ziwa Superior hadi mwaka 1932. Mawimbi yameusukuma mchanga huo kuelekea kusini, nao sasa unafunika miamba ya Buffalo Reef wanapotagia samaki. Mwanafunzi anayetaka kujua kemia ya shaba, au mwendo wa mchanga majini, atajifunza zaidi pale kuliko mbele ya ngoma iliyopakwa mafuta.

Misitu nayo yaelekea kusahauliwa. Mihimili ya kuzuia mwamba usiporomoke, kuni za tanuri, nyumba za wachimbaji: vyote vilikatwa msituni. Misonobari mikongwe ya Estivant, iliyonunuliwa na wahifadhi mwaka 1973, yatuonyesha kilichokuwapo.

Na watu? Mwaka 1913 wafanyakazi waligoma, pamoja na mengine, kwa kuipinga keekee ya mwamba ya kuendeshwa na mtu mmoja badala ya wawili, maana iliwanyima ajira na kumwacha mchimbaji peke yake gizani. Mkesha wa Krismasi, katika sherehe ya familia zao, mtu alipiga ukelele wa moto usiokuwapo. Watu 73, wengi wao watoto, walikufa katika msongamano wa ngazini. Jengo hilo, Italian Hall, lilibomolewa mwaka 1984, likabaki tao la mlango. Jengo likishabomolewa, ngazi haziwezi kupimwa tena, na mabishano juu ya milango yake ilivyofunguka hayana shahidi.

Wapo watakaosema kwamba taka si urithi. Mimi nasema mchanga wa Gay uondolewe, kwa kuwa samaki hawawezi kungoja; ila sehemu moja ndogo, iliyozuiwa isihame, iachwe hapo hapo, na kibao kitaje tani zilizomwagwa na migodi zilikotoka.