Namba 320 si siri ya muuzaji

Kompyuta inayoendesha mashine yangu ya kuchonga mbao ilikata roho katikati ya ua la mlango wa mninga. Mashine ikasimama, biti ikaendelea kuzunguka palepale mpaka mbao ikafuka moshi. Nilipofungua CPU nilikuta vumbi la mbao limeshindiliwa kama pamba kwenye mto, na kapasita nne zimevimba vichwa. Diski nayo ilikuwa ikigonga tik-tik tangu Ramadhani. Nilisikia, nikaongeza sauti ya redio.

Karakana yangu iko uani, Mbagala, ubavuni mwa banda la kuku. Mpwa wangu anayetengeneza kompyuta Kariakoo alikuja, akacheka. "Mjomba, Windows XP? Waliacha kuihudumia tangu 2014!" Kesho yake akaniletea kompyuta mpya, nyembamba, ya kupendeza. Haina tundu la printa la pini 25.

Kwenye mashine kama yangu, tundu hilo ndilo mshipa. Programu ya Mach3 hupitishia humo mapigo ya umeme: pigo moja, mota inasogea hatua moja. Mota yangu ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva yake inagawa kila hatua mara nane, zinakuwa 1,600. Skrubu ndefu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Gawanya upate mapigo 320 kwa milimita. Nikichonga kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, yanahitajika mapigo 16,000 kila sekunde, bila kuyumba. Tulijaribu waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa. Ni wa printa kweli, na printa haidhuriki herufi ikichelewa kidogo. Draiva ya Mach3 ya tundu hilo nayo haikubali Windows ya biti 64.

Kutafuta kompyuta nyingine kuukuu kungekuwa kuahirisha msiba tu. Nilinunua bodi ndogo ambayo kazi yake ni kutoa mapigo, basi. Kompyuta huipa maagizo kwa waya wa mtandao, na ikifa naweka nyingine yoyote.

Nilichokosa ni namba za mipangilio; hesabu ile ya 320 nilikuwa bado sijaipiga. Zote zilikuwa kwenye ile diski. Aliyeniuzia mashine ndiye aliyeziweka, hakuniachia nakala wala mchoro wa waya, nami sikuomba. Nilipompigia simu alitaka nauli na malipo ya kuja "kuseti". Nikakata simu, nikakisia 160. Ua la sentimita 20 likatoka la sentimita 10, zuri kabisa, la mlango wa mdoli. Mhimili wa Z, wa kupanda na kushuka, ulikuwa umegeuka: nilibonyeza juu, biti ikazama mezani ikakatika.

Baadaye nikatulia. Niliiamuru mashine isogee milimita 100, nikapima kwa venia: 50. Basi 160 mara mbili. Jioni nzima ilinipotea kwa hesabu ya darasa la sita.

Wauzaji hujitetea kwamba mipangilio ni siri ya kazi. Siri gani? Hatua za mota zimeandikwa kwenye kibandiko chake, skrubu ipo wazi yeyote aipime. Anachofungia muuzaji ni mteja, ili kompyuta ikizeeka arudi kulipa. Mimi nasema malipo ya mwisho yasitoke mpaka faili la mipangilio liwe kwenye flashi ya mnunuzi na mchoro wa waya uwe mkononi mwake. Atakayenuna, anune, tunaponunua pikipiki tunapewa funguo zote mbili.

Zangu sasa nimeziandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa boksi la umeme, pamoja na onyo kwamba mhimili wa Z umegeuzwa. Jirani yangu Jumamosi anakwenda kuchukua mashine yake Keko, ameniomba nimsindikize. Nimemwambia abakize laki mbili mfukoni. Flashi nitakuja nayo mimi.