Maswali Yanapozidi Kuwa Magumu

Kuna binti mmoja hapa Ukunda, amemaliza kidato cha nne, aliyejifungia chumbani na kompyuta ya kuazima kufanya mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vya ng'ambo. Maswali ya mwanzo aliyajibu upesi. Yaliyofuata yakawa magumu, kisha magumu zaidi. Akaamini ameanguka, akaizima kompyuta kabla ya muda. Ada ikapotea, na mamake aliitafuta kwa kuuza viazi karai.

Kumbe ugumu ule ulikuwa dalili kwamba anafanya vyema!

Mtihani huu si kama KCPE tuliyokuwa nayo hadi 2023, watoto wote maswali yale yale. Unafanana zaidi na maalim wa chuoni anapokusikiliza. Ukisoma vizuri anakupeleka sura ndefu. Ukikwama anakurudisha kwenye fupi. Baada ya kitambo amejua ulipofika, na hukusoma msahafu mzima. Kompyuta nayo hukisia uwezo wako baada ya kila jibu, na shaka yake huzidi kupungua. Haihesabu wingi wa majibu sahihi peke yake. Ugumu wa maswali nao umo kwenye hesabu. Ndiyo maana watu wawili huulizwa maswali tofauti wakapimwa kwa mizani moja. Georg Rasch wa Denmark aliieleza hesabu ya kupima uwezo na ugumu pamoja katika kitabu chake cha 1960.

Lakini ugumu wa swali utaujuaje? Zamani swali lilijaribiwa kwanza kwa wanafunzi wengi. Siku hizi, kama katika mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, kompyuta husaidia hata kuyatunga maswali. Swali jipya halijajibiwa na mtu. Basi wataalamu hukisia ugumu wake kwa kutazama maneno yaliyomo na urefu wa sentensi, kisha majibu ya watahiniwa huyarekebisha makisio hayo.

Hapo ndipo nina wasiwasi, msomaji wangu. Swali la kufagia theluji laweza kuwa jepesi kwa mtoto wa Toronto na kumkwaza wa Diani, ingawa Kiingereza chao ni sawa. Watunzi makini hulinganisha watu wenye uwezo mmoja kutoka nchi mbalimbali. Swali likionea upande mmoja, hutupwa. Si vibaya mzazi kuuliza, kabla ya kulipa, kama wenye mtihani hufanya hivyo.

Binti anakusanya ada upya. Safari hii anajua kwamba swali moja likimshinda, litakalofuata huenda likawa jepesi kidogo. Kinachomsumbua mamake sasa ni kuku wa uani, maana chumba chatakiwa kiwe kimya.